Nyumba Bila Ardhi: Niliyoyaona Nikijenga na Watu wa Kanisa Delta ya Tana

Siku ya tatu ya kazi, nguzo za nyumba ya nne zikiwa zimeshasimama, walitokea wazee watatu upande wa vichakani. Walikuwa na bakora mkononi na kofia kichwani, wala hawakuonyesha hasira yoyote. Walitoa salamu, tukaitikia. Tukawapa maji, wakanywa. Kisha mkubwa wao akanyoosha bakora kuelekea ile nyumba ya nne, akauliza, "Wanangu, ng'ombe watapita wapi?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Sisi tuliona uwanja mtupu, mkavu, ulioinuka kidogo juu ya bonde. Tuliuona ni mahali pazuri pa kujenga. Wao waliona malka, yaani njia ya kupitisha mifugo kwenda mtoni, waliyoirithi kwa baba na babu zao. Nyumba zetu tatu zilikuwa pembeni mwa njia hiyo. Ya nne ilikuwa katikati.

Ninaandika makala haya kwa sababu ya swali lile. Tangu nirudi Mombasa nimeulizwa mara nyingi kuhusu safari yangu, na wengi hutaka kusikia habari ya Mwislamu aliyekwenda kujenga na watu wa kanisa. Habari hiyo ipo, nami nitaieleza. Lakini nililojifunza zaidi ni kwamba kusimamisha nyumba baada ya mafuriko ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua itasimama wapi, kwa idhini ya nani, na kwa karatasi gani. Hilo ndilo tunalolikwepa kila maji yakija na kuondoka, sisi wa kujitolea pamoja na serikali zetu mbili, ile ya Nairobi na ile ya kaunti.

Nilivyoingia katika kundi

Mimi ni mzaliwa wa Witu. Marehemu baba alikuwa fundi wa nyumba za udongo, nami nilikua nikimshikia kamba na kumkorogea udongo kabla sijahamia Mombasa kutafuta riziki. Jirani yangu huku Kisauni ni mama wa Kipokomo, mwimbaji wa kwaya katika kanisa moja la mtaani kwetu. Mafuriko ya El Niño ya mwisho wa mwaka wa 2023 yalichukua nyumba ya mamake. Familia ikakaa kambini, maji yakapungua, ikarudi na kujenga kibanda. Masika ya 2024 ikaja ikakichukua kibanda nacho.

Kanisa lake lilipoamua kuchanga na kutuma watu wa kujenga, alinikuta barazani jioni moja. "Kaka, mabati tunayo, misumari tunayo, vijana wenye nguvu tunao," akasema. "Fundi wa kiambaza ndiye hatuna. Vijana wetu wanajua mawe na simiti tu." Nikamwambia kwamba mimi si muumini wao. Akacheka. "Nyumba ya mamangu inataka fito, kaka, haijauliza dini ya fundi."

Msikitini wako walioniuliza kulikoni. Imamu wetu aliwajibu yeye mwenyewe kwamba jirani ana haki juu ya jirani, na kumwekea bibi mzee paa juu ya kichwa hakuhitaji fatwa. Mjadala ukaishia hapo.

Tulikuwa watu 23, wanaume kwa wanawake, na tulipanga kukaa siku 14. Tulilala katika madarasa ya shule. Kina mama waliokuwa jikoni walinunua nyama kwa mchinjaji Mwislamu huko Garsen bila mimi kutamka neno. Ijumaa, saa sita ikikaribia, kijana mmoja wa kwaya alinipakia pikipiki akanipeleka msikitini na kuningoja nje hadi nilipomaliza. Jumapili, wao walipokwenda ibadani, mimi nilibaki nikilinda misumari na mabati. Hakuna aliyetoa hotuba juu ya mambo haya. Yalikwenda hivyo tu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo watu wa kundi letu wenyewe hawakuwa wamelifikiria. Kanisa si geni Tana. Tangu miaka ya 1880 Wamethodisti walikuwa na kituo Golbanti, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakafungua chao Ngao. Wapokomo wa sehemu za chini za mto wengi wao ni Wakristo, na wale wa sehemu za juu wengi ni Waislamu. Waorma na Wawardei, ambao ni wafugaji, ni Waislamu. Kwa hiyo basi lililojaa watu wa kanisa likiingia delta, mkulima huona msaada unakuja. Mfugaji anaweza kuona upande mmoja umeongezewa nguvu. Kwingineko hiyo ingekuwa shaka ndogo tu. Katika Delta ya Tana, ambako kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, si shaka ya kupuuzwa.

Maji yanakotoka

Tuanze na mto wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa tutaendelea kuwalaumu wanaoishi kando yake.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, una takriban kilomita 1,000. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, yanapita katika mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanashuka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini upande wa Kipini. Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, ndilo ghala kubwa la maji hayo. Likijaa hadi kufurika, kama ilivyotokea mwaka wa 2018 na tena mwaka wa 2024, maji ya ziada hayana pa kwenda ila kwetu huku chini.

Ndiyo maana mafuriko ya delta yana ugeni wake. Mtu anaweza kulala mbingu zikiwa safi, nyota zinaonekana, hajaona tone la mvua wiki nzima, akaamka maji yako mlangoni. Mvua ilinyesha Nyeri na Murang'a siku nyingi zilizopita. Wazee wanaikumbuka gharika ya mwaka wa 1961, na wa rika letu tunaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998 iliyovunja kingo za mradi wa mpunga wa Gamba. Wasomaji wa Lamu hawana haja ya kukumbushwa jinsi barabara ya Garsen ilivyokatika katika eneo la Gamba na Lango la Simba, bidhaa zikapanda bei na wasafiri wakavushwa kwa mashua.

Wako wanaosema, hasa wakiwa mbali na mto, "Watu hawa wahame tu. Kila mwaka ni wao." Msemo huo unasahau kwamba mafuriko hayo hayo ndiyo riziki ya delta. Maji yakitulia huacha tope lenye rutuba, na katika tope hilo hupandwa mpunga, ndizi na mahindi. Maziwa ya bondeni hujaa samaki. Kiangazi kikikaza, wafugaji huteremka kutoka nyanda kavu kwa sababu nyasi zimebaki huku tu. Mkulima aliyejenga kando ya mto ana akili zake timamu, anakaa karibu na shamba lake kama vile mvuvi anavyokaa karibu na pwani. Ukimhamisha mbali ukamwachia shamba kule kule, atalala kwenye nyumba yako mpya mwezi mmoja, kisha utamkuta tena mtoni katika kibanda cha makuti, kwa sababu nyani na viboko hawangoji mwenye shamba afike.

Kwa hiyo swali la kweli ni gumu zaidi: ni wapi pa juu kiasi cha kuepuka maji, pa karibu kiasi cha kufika shambani, na pasipomnyima mwingine njia yake? Mahali pa namna hiyo ni pachache, na karibu kila palipo na mwinuko pana mtu mwingine anayepahesabu kuwa pake.

Nyumba tulizojenga

Kabla ya kurudi kwenye malka niseme kidogo kuhusu ujenzi wenyewe, kwa sababu nako kulikuwa na mvutano.

Baadhi ya waliochanga walitaka nyumba za matofali ya simiti. Picha zake zinapendeza, na mchangaji anaona pesa yake imekwenda wapi. Mimi nilipinga, na mchungaji aliyetuongoza akanisikiliza. Hoja yangu ilikuwa kwamba nyumba ya simiti ikipata ufa, mwenyewe hana pesa ya kuuziba. Nyumba ya udongo mwenyewe anaijua. Maji yakija udongo utayeyuka, lakini nguzo, fito na mabati vitabaki, na akipata habari mapema anaweza kulishusha paa lake na kulibeba. Maji yakiondoka, udongo hauuzwi dukani.

Tukakubaliana hivi: msingi wa mawe ulioinuliwa hadi usawa wa goti, nguzo zilizochimbiwa vizuri, fito zilizofungwa kwa karibu karibu, udongo uliokandikwa mara mbili, na mabati juu. Vijana wa mjini walijifunza kufunga fito kwa kamba wakitumia mikono iliyozoea simu. Siku ya kwanza vidole viliwatoka damu. Siku ya tano walikuwa wakishindana.

Wenye nyumba hawakukaa wakitazama. Kina mama wa kijiji walichota maji na kukanyaga udongo, wazee wakachagua nguzo zipi zimekomaa na zipi zitaliwa na mchwa kabla ya mwaka kwisha. Ule ulikuwa ujima wa kale, kazi ya wengi kwa zamu, na sisi wageni tulikuwa sehemu yake tu. Nasema hivi kwa sababu habari za misaada aghalabu huandikwa kana kwamba waliofikwa na maafa wamekaa chini wakingoja mkono wa mtu.

Kulikuwa pia na suala la orodha. Tulipofika tulikabidhiwa na kiongozi mmoja wa eneo karatasi yenye majina 20 ya watakaojengewa. Bibi mmoja, mamake jirani yangu, akamwambia mchungaji kwa upole, "Mwanangu, isome hiyo karatasi kwa sauti, chini ya mwembe, watu wote wasikie." Ikasomwa. Jina la kwanza watu wakanyamaza. La tatu wakacheka. Ikabainika kwamba wanne katika orodha hawakai kijijini hapo, na mmoja wao ana nyumba ya mawe mjini. Majina hayo yakafutwa pale pale, bila kelele, na wajane wawili ambao hawakuwamo wakaingizwa. Hakuna ukaguzi wa ofisini ambao ungefanya kazi hiyo kwa dakika 20.

Siku mbili chini ya mti

Sasa nirudi kwa wale wazee watatu.

Baada ya swali lao, kijana mmoja wetu alinong'ona kwamba tuendelee na kazi, watazoea. Mchungaji akamkata jicho. Akaweka nyundo chini, akasema kazi imesimama hadi tuzungumze. Kisha akaniomba nikae naye mbele, kwa sababu nilikuwa nimevaa kofia na wazee walikuwa wameshaanza kuzungumza na mimi badala ya yeye. Sikupenda jambo hilo. Sikwenda pale kuwakilisha dini yoyote, na malka ni njia ya ng'ombe, haihusu msikiti wala kanisa. Lakini nilikaa, kwa sababu kama kuniona mimi kungewapunguzia wasiwasi kwamba tumetumwa kuwazingira, basi kukaa kwangu kulikuwa na faida kuliko kufunga fito.

Kikao kilichukua siku mbili. Wakulima walisema wamechoka kuogelea kila msimu, na mwinuko ule ndio wa pekee walio nao karibu na mashamba. Wafugaji walisema hawana ugomvi na mtu kulala pakavu, ila njia ikizibwa ng'ombe watapita mashambani, na ng'ombe wakipita mashambani kila mtu pale anajua kinachofuata. Mzee mmoja alitaja vijiji vya mwaka wa 2012 kimoja kimoja. Baada ya hapo hakuna aliyepandisha sauti.

Upande wetu vijana walilalamika. Basi la kurudi lilishalipiwa, wachangaji walishaambiwa nyumba 14, na sasa siku mbili zinapotea kwenye maneno. Mchungaji aliwajibu kwamba afadhali nyumba chache zisizomwaga damu. Nakubaliana naye, na ningependa kila kundi la kujitolea liiandike sentensi hiyo mahali.

Mwafaka ulikuwa huu. Nyumba ya nne ing'olewe. Zile tatu za pembeni zibaki, lakini milango yao isielekee njiani. Upana wa malka ukapimwa kwa hatua, wazee wa pande zote mbili wakitembea pamoja, na vigingi vikapigwa kila upande. Mambo hayo yakaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, wakatia sahihi wanaojua kuandika na wengine wakatia dole gumba. Nakala moja ikabaki kwa mzee wa kijiji, moja kwa wafugaji, moja ikapelekwa kwa chifu.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mjane mwenye watoto wanne. Tulipoanza kung'oa nguzo alisimama akatutazama, kisha akaniambia mimi, mtu wa kofia, "Mnanivunjia nyumba kwa ajili ya ng'ombe?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Tulimjengea upya, yake ikawa ya 11 na ya mwisho, mbali zaidi, mahali pakavu pasipo na mgogoro. Lakini sasa ana mwendo mrefu wa kwenda kuchota maji na kwenda shambani. Amani ile ilikuwa na gharama, na aliyeilipa zaidi ni yule aliyekuwa na kichache zaidi.

Wajibu wa nani

Katika siku zote hizo 14 nilijiuliza: kwa nini kazi ya kupatanisha na kupima ardhi imeangukia kwaya ya kanisa na fundi wa kiambaza?

Katiba yetu ya 2010 imeweka usimamizi wa maafa katika orodha ya majukumu ya serikali kuu na pia ya kaunti, katika Jedwali la Nne. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Kwa karatasi tumekamilika. Lakini majukumu yakiwa ya wawili, kila mmoja humtazama mwenzake. Maji yakija, helikopta na mahema huja. Maji yakiondoka, hesabu ya nani atajenga wapi haina mwenyewe.

Hapa ndipo sisi wa kujitolea tunapoingia, na hapa ndipo tunapoweza kudhuru bila kukusudia. Tukijenga nyumba 11, kiongozi anaweza kuzihesabu kama zake. Siku yetu ya mwisho alifika mmoja, akapigwa picha akishika fito, akaondoka kabla ya chakula. Hajauliza ardhi ile ni ya nani. Pengine hakutaka kujua, kwa sababu jibu lingemletea kazi.

Jibu lenyewe ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Kaunti ya Tana River ni ya jamii na bado haijasajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inatoa njia. Jamii hukutana, huchagua kamati ya usimamizi yenye watu kati ya 7 na 15, hujiandikisha, kisha ardhi yake hupimwa na kupewa hati kwa jina la jamii. Mpaka hilo lifanyike, ardhi hiyo iko chini ya uangalizi wa kaunti, na kijiji kipya kilichohamia mwinukoni ni mgeni pale. Kesho anaweza kuja mtu na ramani aseme hapo ni ranchi, au ni mradi. Delta hii imeyaona hayo. Mwaka wa 2008 mpango mkubwa wa mashamba ya miwa ulizua kesi mahakamani. Mwaka wa 2012 delta ikatambuliwa kimataifa kama ardhioevu ya Ramsar. Wakubwa wote wana mipango juu ya ardhi hii. Anayelala juu yake ndiye asiye na karatasi.

Wako watakaosema hati za jamii zitachukua miaka, na watu wanalala nje leo. Ni kweli, nami sisemi tungoje. Yule bibi hakustahili kulala nje siku moja zaidi kwa sababu ofisi fulani haijamaliza kazi. Ninachosema ni kwamba kujenga na kusajili viende pamoja. Tukijenga tu, tutajenga tena. Wako pia watakaosema suluhisho ni bwawa jingine, lile la High Grand Falls lililozungumzwa miaka na miaka. Huenda likazuia sehemu ya maji. Lakini mpunga, samaki na nyasi za delta vinategemea mto upande kwa kiasi chake, na bwawa halitasema nani ana haki ya kujenga kwenye mwinuko gani.

Kwa wanaopanga kwenda

Najua makanisa, misikiti, vyama vya wanafunzi na vikundi vya mitaa hapa pwani vinaendelea kuchanga, na wengine watauliza tufanyeje. Nitatoa niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, kabla ya kununua bati moja, tumeni watu wawili wakae kijijini siku tatu. Waulize wakulima na wafugaji, wanaume na wanawake, njia ziko wapi. Uwanja mtupu katika delta mara chache huwa mtupu. Sisi hatukufanya hivyo, na kosa hilo ni letu.

Pili, orodha isomwe hadharani, hata kama imetoka kwa mtu mkubwa.

Tatu, jengeni nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuikarabati mtakapokuwa mmeondoka. Inueni msingi, na paa liwe la kushushika.

Nne, acheni njia ya habari. Tangazo la mabwawa kujaa hutolewa, lakini kulisikia Nairobi ni jambo moja na kulisikia kando ya mto ni jingine. Kati ya bwawa kufurika na maji kufika delta kuna siku kadhaa, na siku hizo zikitumika vizuri huokoa mabati, mbegu na watoto. Msikiti una kipaza sauti, kanisa lina kengele, kijiji kina vijana wenye simu. Kubalianeni mapema nani atampigia nani, na mitumbwi iko wapi.

Tano, rudini. Kundi linalojenga na kutorudi halijui kama lilijenga vizuri.

Sisi tumepata habari kupitia jirani yangu. Nyumba ya mamake imesimama, ingawa ukuta wa nyuma unataka kukandikwa tena. Wafugaji walipita na mifugo kwenye malka yao, na hakuna aliyegombana. Vigingi vitatu tayari vimeliwa na mchwa. Ile karatasi ya daftari iliyo kwa mzee wa kijiji imelowa maji pembeni, lakini maandishi yanasomeka.

Wiki iliyopita kanisa lake lilianza kuchanga tena, safari hii kwa ajili ya nyumba nyingine tano. Wakaniuliza kama nitakwenda. Nikasema nitakwenda, kwa sharti moja: mchango wa kwanza usiwe wa mabati. Uwe nauli ya wazee sita, watatu wakulima na watatu wafugaji, wapande gari moja hadi Hola, kwenye ofisi ya ardhi, na ile karatasi yao mkononi, wakaulize usajili wa ardhi ya jamii unaanzia wapi. Na yule mjane wa nyumba ya 11 awe wa saba. Mwekahazina aliniangalia kwa muda, kisha akaandika.